Gayogayo Anayetazama Kushoto

3 Februari

Mama Mkwe,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti halikusumbui tena kwenye ngazi za jengo lenu. Sisi hapa kwenye kituo cha utafiti hatujambo. Binti yako anakusalimu. Yuko zamu zahanati tangu asubuhi, na ndiye aliyefunga kifurushi hiki, kwa hiyo kikifika salama msifu yeye, kikivuja nilaumu mimi.

Ndani utakuta chupa ya spiriti na samaki mmoja. Ndiye yule gayogayo niliyekusimulia ulipokuja kututembelea: samaki bapa, analala ubavu kwenye tope, macho yote mawili yamehamia upande wa juu. Huku wanamwita gayogayo meno, na ukimshika vibaya utajua kwa nini.

Nakuomba umchore, na sababu yake si ndogo. Ofisi ya bandari inataka kulifukia tope letu la pwani kwa kifusi ipate uwanja wa kuegesha malori. Baraza litaamua mwisho wa Machi. Njia ya kulinusuru ni moja tu: kile kitabu cha samaki wa pwani mnachokitayarisha hapo kwenu kikilionyesha tope hili kuwa mahali pa makuzi ya samaki huyu, halitaguswa. Mhariri anataka vitu viwili, picha isiyo na shaka na hesabu ya kutosha ya samaki wadogo. Picha sina wasiwasi nayo, maana unachora wewe. Hesabu ndiyo inasuasua. Tumepungukiwa na karibu nusu, lakini tunavuta wavu kila maji yakipwa na sijakata tamaa.

Alama yake ni macho. Yako upande wa kulia, kama utakavyojionea. Gayogayo wa kawaida, huyu anayejaa kila mahali, macho yake yako kushoto. Kwa alama hiyo siwezi kumkosea hata nikiwa na usingizi.

Ningepiga simu, ila najua msimamo wako kwamba mambo ya kazi yaandikwe.

Mkweo,
Mtafiti

12 Februari

Mkwe,

Marahaba. Goti halijambo, ngazi ndizo zinazoumwa.

Chupa imefika kavu kwa nje na imejaa kwa ndani, ndivyo inavyotakiwa. Fundo la uzi pale mkiani nimelitambua mara moja. Ni fundo la bandeji. Binti yangu hafungi jingine tangu asomee uuguzi, hata kamba za viatu anazifunga hivyo.

Samaki wako ni mzuri. Kwa kawaida naletewa samaki walioraruka mapezi, kisha naambiwa niwachore walivyokuwa hai, kana kwamba tulikuwa tukisalimiana. Huyu kila mwiba uko mahali pake. Nimependa hasa pezi la mgongo. Gayogayo wengine pezi hilo huanzia juu ya kichwa, mbele ya jicho, kama kofia iliyoteleza. Huyu linaanza nyuma kabisa ya jicho. Na mdomo wake una adabu mbaya, meno yamesimama nje nje. Nimekaa naye siku nne na tumeelewana.

Tatizo ni rangi. Umeniandikia "kahawia". Hilo ni neno la mtu mwenye haraka. Kahawia ya chai, ya kutu, au ya ubao uliolowa? Muulize mkeo, yeye hutazama vitu.

Nakala ya picha hii hapa. Yenyewe nimeshampelekea mhariri.

Mama Mkwe wako,
Mchoraji

19 Februari

Mama Mkwe,

Shikamoo. Picha imefika na nimeiweka mezani siku nzima. Nasema kweli, magamba yale ukiyapitishia kidole unategemea yakukwaruze. Binti yako anasema rangi ni ya ubao uliolowa.

Kuna jambo dogo tu, na naliandika kwa heshima zote ambazo mkwe anaweza kuwa nazo. Samaki kwenye picha anatazama kushoto.

Naelewa imetokeaje. Katika vitabu vyote vya ofisi yenu samaki hutazama kushoto, ni utaratibu wa miaka mingi na kurasa zinapendeza. Jodari ukimgeuza bado ni jodari. Lakini gayogayo ana upande mmoja tu wenye macho. Mwenye macho ya kulia, ukimlaza pezi la mgongo likiwa juu, atatazama kulia, hana njia nyingine. Ukimgeuza atazame kushoto umemhamishia macho, na umeniumbia samaki mwingine. Wakubwa wa bandari wakiona picha hiyo watasema ni gayogayo wa kawaida, na kifusi kitamwagwa.

Sikutaka kukuhangaisha na ngazi, kwa hiyo nimemwandikia mhariri moja kwa moja nikamwomba picha irekebishwe. Natumaini sijakosea.

Mkweo,
Mtafiti

25 Februari

Mkwe,

Umekosea.

Jana niliitwa ofisini kwa mhariri, kijana wa umri wako, nikasomewa barua yako kwa sauti. Nimeulizwa kama nina mazoea ya kugeuza samaki. Nimechora samaki wa mtoni na wa baharini, waliooza na waliokatika, na sijamgeuza hata mmoja bila kuandika pembeni kwamba nimemgeuza. Wanaogeuza ni watu wa kupanga kurasa, na kwa gayogayo niliwakataza kabla wewe hujaoa.

Ukurasa wako umesimamishwa. Mhariri anasema mpaka mtafiti na mchoraji wakubaliane macho yako wapi, samaki huyu hayumo kitabuni, na tope lake halimo kwenye ramani.

Chupa nairudisha. Wewe uliandika kulia, nikadhani umechanganya pande, maana wa chupani macho yake yako kushoto. Samaki ni wako, mtazame.

Mchoraji

2 Machi

Mama Mkwe,

Shikamoo. Kwanza kabisa pole kwa yaliyokupata kwa mhariri. Sikukusudia barua ile isomwe namna ile, na imeniuma sana.

Chupa nimeipokea. Nimemtoa samaki, nimemlaza kwenye sahani nyeupe dirishani. Ni kweli macho yake yako kushoto. Ulichora ulichokiona na naomba radhi.

Lakini sasa nalazimika kusema jambo jingine, na nalisema nikiwa na hakika kamili. Huyu si samaki wangu. Nimevuta wavu kwenye tope hili tangu Novemba, na kila gayogayo meno niliyemhesabu ana macho ya kulia. Kila mmoja, bila hata mmoja kukengeuka. Nadhani kwenye stoo yenu, ambako najua chupa ni nyingi na nafasi ni finyu, samaki wawili walibadilishana chupa. Ni jambo linaloweza kumtokea mtu yeyote. Tafadhali pekua rafu, wangu atakuwa jirani tu hapo.

Baraza linakaa tarehe thelathini. Bado tunaweza kuwahi.

Mkweo,
Mtafiti

8 Machi

Mwanangu,

Nakuandikia wewe kwa kuwa nikimwandikia mumeo leo nitaandika maneno ambayo mkwe haambiwi.

Ulipomleta nyumbani mara ya kwanza nilisema kijana huyu anajiamini. Ukaniambia ndiyo sifa yake. Nikakuamini. Sasa amekwisha kunifundisha upande wa kulia na wa kushoto, amenishtaki kwa mtu ninayemzidi miaka ishirini ya kazi, na wiki hii ananieleza kwamba stoo yangu ni kama soko la mitumba.

Stoo nimeipekua. Si kwa sababu yake, kwa sababu yangu. Hakuna chupa iliyobadilishwa. Na hata kama ningekuwa na shaka, ule uzi wa mkiani una fundo lako, na fundo lako halijawahi kufunguka mpaka likatwe.

Sasa nijibu kama muuguzi, si kama mke. Samaki yule ulimtoa wapi?

Mama yako

13 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea zahanati, nikacheka mpaka mgonjwa akaniuliza kama majibu yake yamekuja vibaya.

Nilimtoa kwenye kikapu cha kitoweo.

Ngoja nikueleze wanavyofanya kazi hapa, maana nadhani hata wao hawajajitazama. Wavu ukishavutwa hawana muda, maji yakianza kujaa yanajaa kwa kasi. Kwa hiyo samaki bapa wote wanachambuliwa pale pale kwa kutupa jicho. Macho kulia, anaingia kwenye beseni la kuhesabiwa. Macho kushoto, "huyo wa kawaida", basi. Wale wadogo sana wanarudishwa majini. Wenye ukubwa wa kiganja wanaingia kwenye kikapu na kuja jikoni kwangu. Tumewala tangu Novemba, Mama. Wa kukaanga, wa kuchemsha, na siku nikiwa zamu ya usiku mume wangu anajipikia mwenyewe na anawaunguza.

Siku ya kukutumia chupa, wale wa beseni wote walikuwa wamechanika mapezi kwa kubanana. Kikapuni kulikuwa na mmoja mzima, mzuri kama amepigwa pasi. Mdomo ule ule, meno yale yale. Mimi ninayewaparua magamba kila jioni, nawajua. Nikamfunga huyo. Sikufikiria macho hata kidogo, nilidhani samaki mzuri ndiye anayefaa kuchorwa.

Mume wangu sijamwambia. Nikimwambia mimi itakuwa ugomvi wa nyumbani, atanuna kidogo, kisha atanieleza kwa nini haiwezekani. Ukimwambia wewe itakuwa kazi. Wewe anakuogopa, na anakuheshimu kuliko unavyodhani. Picha yako ameibandika juu ya meza yake, ingawa anadai ina kasoro.

Ila fanya haraka. Amekonda. Kila akirudi kutoka topeni anaona hesabu haitoshi, anaanza kuihesabu upya. Juzi malori mawili yamekuja kupima njia.

Binti yako

17 Machi

Mkwe,

Barua hii isome ukiwa umekaa, na usome mpaka mwisho kabla hujaanza kunijibu kichwani.

Baada ya kupekua rafu niliteremka chini kwenye chumba cha chupa za zamani. Nilizitoa zote za gayogayo huyu, kutoka fukwe mbalimbali na mikono mbalimbali, nikazipanga mezani. Nikaacha kuangalia macho kabisa. Niliangalia pezi la mgongo linapoanzia na mdomo. Wote ni sawa: pezi nyuma ya jicho, taya kubwa, meno yaliyosimama. Kisha ndipo nikaangalia macho. Wengine kulia, wengine kushoto, wamechanganyika ndani ya chupa moja, wa wavu mmoja. Si samaki wawili, Mkwe. Ni samaki mmoja ambaye hajali macho yake yanahamia wapi. Gayogayo wengi ninaowajua wamechagua upande wao. Huyu hakuchagua.

Kwa hiyo samaki wako ana macho ya kulia, na wangu ana macho ya kushoto, na sote tuko sahihi. Jambo hilo limenikera kidogo, lakini ndivyo lilivyo.

Sasa jiulize kwa nini wewe hujawahi kumwona wa kushoto. Unasema kila uliyemhesabu ana macho ya kulia. Nakuamini. Ni yupi uliyeamua kuwa asihesabiwe, na kwa alama gani? Nenda ukakitazame kikapu cha kitoweo.

Mhariri sijamwambia neno. Umebakiwa na maji kupwa ya siku chache kabla ya baraza. Vuta wavu pale pale unapovuta siku zote, chambua kwa pezi, na usiniandikie mpaka uwe na hesabu.

Mama Mkwe wako

24 Machi

Mama,

Shikamoo.

Nilipofika pale ulipotaja kikapu niliiweka barua chini nikaenda jikoni. Binti yako alikuwa anaparua samaki. Alisogea nipate nafasi. Kulikuwa na saba. Nikawageuza mmoja mmoja kwenye mwanga wa dirisha. Watano walikuwa gayogayo meno. Pezi nyuma ya jicho, dhahiri, hata mtu aliyepita barabarani angeona. Nimewala samaki hawa miezi minne huku nikilalamika kwamba hawapo.

Nimeona aibu, nakwambia wazi. Si ya kukosea tu. Ni ya kukushtaki wewe kwa kosa la kugeuza samaki, na mimi ndiye niliyewageuza nusu yao kuwa kitoweo. Nimemwandikia mhariri barua nyingine, ndefu kuliko ile ya kwanza, na nimemwomba aisome kwa sauti vile vile, mbele yako na mbele ya wote walioisikia ile.

Sasa hesabu. Tumevuta wavu kila maji yalipopwa, mahali pale pale, wavu ule ule. Tumechambua kwa pezi. Binti yako aliomba ruhusa ya siku mbili zahanati akaja topeni, akafunga sketi magotini, na anachambua haraka kuliko sisi sote. Wa kulia na wa kushoto wanakaribiana, kama nusu kwa nusu. Wadogo tuliowapata siku hizi chache peke yao wamevuka kiwango anachotaka mhariri, bila kuongeza wale wa zamani. Wanapenda pale tope linapokutana na mchanga, karibu na nyasi, ambapo maji yakipwa hubaki kimo cha kifundo cha mguu. Ndipo hasa malori yalipopima njia.

Hesabu imeenda kwa mhariri na kwa baraza kwa mkono, sikutaka kutegemea posta. Nina hakika. Najua nimeshawahi kukuandikia neno hilo, ila safari hii nimewatazama wote.

Mkweo,
Mtafiti

Nimesahau kukwambia. Jana mezani tulikuwa na maharage. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

31 Machi

Mama,

Shikamoo. Haraka tu, mpeleka barua ananisubiri mlangoni.

Jana mkubwa wa bandari alikuja barazani na picha yako mkononi, ile ya kushoto, akawaambia wajumbe kuwa samaki huyu yuko kila mahali na hata mtafiti mwenyewe amekiri kwa maandishi kwamba picha ina kasoro. Alikuwa na ile barua yangu ya kwanza kwa mhariri. Sijui aliipata wapi. Nilisimama nikasema barua ni yangu, aliyekosea ni mimi, picha haina kasoro. Nikaweka mabeseni mawili mezani, moja wa kulia na moja wa kushoto, wote wadogo, wote wa asubuhi ile. Nikamwomba mjumbe yeyote afumbe macho aguse pezi kwa kidole aniambie linaanzia wapi. Mwenyekiti alifanya hivyo mwenyewe. Akagusa wa beseni hili, akagusa wa lile, akajifuta mkono, akasema ni samaki mmoja.

Tope limebaki. Uwanja wa malori utajengwa nyuma ya maghala, kwenye changarawe, ambako ulifaa kuwa tangu mwanzo. Samaki wa mabeseni tumewarudisha wote majini wakiwa hai, isipokuwa mmoja aliyemng'ata mwenyekiti akaangushwa sakafuni; samaki huyo bado tunamwangalia kwenye beseni, naye amepona.

Binti yako amelala tangu tulipofika. Mimi siwezi.

Mwanao

9 Aprili

Wanangu,

Barua iliyokwenda kwa mhariri imesomwa. Aliisoma mwenyewe, amesimama, na alipofika pale pa kitoweo watu wa kupanga kurasa walilazimika kutoka nje wakacheke. Nimetosheka. Jambo hilo limekwisha, na asilirudie mtu, hasa wewe Mkwe, maana naona una kawaida ya kuandika barua.

Tumebishana kuhusu ukurasa. Wanataka samaki mmoja, atazame kushoto, kama kurasa nyingine zote. Nimewaambia kitabu kizima wafanye watakavyo, ukurasa huu ni wangu. Nimewachora wawili. Wa kulia anatazama kulia, wa kushoto anatazama kushoto, na kwa kuwa nimempanga wa kushoto upande wa kulia wa karatasi, wanatazamana. Ni ukurasa pekee kitabuni ambamo samaki wanaonana. Chini yao nimechora tope penye nyasi na maji ya kimo cha kifundo, kwa maelezo yako, na rangi ni ya ubao uliolowa.

Sheria ya kitabu ni kuandika kila samaki amepatikanaje. Nimeandika hivi, na mhariri amepitisha: "Wa macho ya kulia alichaguliwa na mtafiti wa kituo, kutoka beseni la hesabu. Wa macho ya kushoto alichaguliwa na muuguzi wa zahanati, kutoka kikapu cha kitoweo." Nirudishieni chupa yangu, na uzi usikatwe. Itakaa rafuni na fundo lake.

Nimeomba likizo. Nitakuja mwanzoni mwa mwezi ujao, goti litake lisitake, nilione hilo tope. Msinipikie maharage. Nimemchora samaki huyu kwa wiki nyingi na ninyi mmemla kwa miezi minne, mimi hata harufu yake sijaisikia nje ya spiriti.

Niwekeeni mmoja, mkishamhesabu.

Mama